Bi harusi kawa mpana kama sinia, nifanyeje?

SWALI: Shikamoo kaka. Mi ni mdogo wako, napiga picha za harusi huku Ngamiani, Tanga, hasa zile shughuli za kina mama ambazo wapiga picha wanaume hawaingii. Juzi kulikuwa na singo, kesho yake ndoa, nimetoka na picha 640, kuna za kulala na za kusimama, nyingi za kamera, zingine msaidizi wangu kapiga na simu na chache ndugu walinirushia WhatsApp. Mama wa bi harusi anazitaka zote ndogondogo aangalie kwenye simu. Nikarekodi aksheni kwenye Photoshop, zile hatua unazirekodi mara moja halafu inazirudia yenyewe, upana 1200 urefu 800, nikaiachia folda zima. Za kulala zimetoka safi, za kusimama bi harusi kawa mpana kama sinia la pilau na mama mtu kashaona mbili! Nikarudia kwa kuweka upana peke yake, sura zimekaa sawa ila za kusimama zinatoka kubwa kuliko za kulala. Moja moja siwezi kaka, nitazeeka.
Dada wa Ngamiani

JIBU: Marahaba mdogo wangu, pole kwa sinia. Mara ya kwanza ulifungua kile kimnyororo cha dirisha la Image Size kinachofunga upana na urefu, ndo maana picha ya kusimama ikalazimishwa umbo la picha ya kulala. Mara ya pili ulikuwa karibu kabisa ila hesabu ikakugeuka. Chukua picha ya kamera ya 6000 kwa 4000, ukisema upana uwe 1200 inatoka 1200 kwa 800, sawa. Sasa ileile isimamishe, ni 4000 kwa 6000, upana wake 1200 unazaa 1200 kwa 1800, yaani pikseli zaidi ya mara mbili ya ile ya kulala. Kompyuta haijakosea, imefanya ulichoiambia.

Achana na upana. Wewe fikiria boksi la mraba, 1200 kila upande, kila picha inapunguzwa mpaka iingie humo bila kukunjwa wala kukatwa. Ya kulala itagusa boksi pembeni, ya kusimama itagusa juu na chini, zote upande mrefu unakuwa 1200.

Kwenye Photoshop hilo boksi lipo, watu wengi hawajui tu kwa sababu limefichwa mbali na Image Size. Nenda File, kisha Scripts, fungua Image Processor, mchagulie folda, weka tiki Save as JPEG na Resize to Fit, halafu W andika 1200 na H andika 1200 hivohivo zote mbili. Ubora mi naweka 8 au 9 kati ya 12, kwa simu inatosha sana. Ukiacha ahifadhi palepale atakutengenezea folda jipya linaitwa JPEG na picha zako za mwanzo haziguswi. Kama unapenda aksheni yako, irekodi upya lakini badala ya Image Size tumia Fit Image, iko File kwenye Automate, na uweke tiki Don't Enlarge ili zile ndogo za WhatsApp zisivutwe zikawa na ukungu.

Ila ukipita njia ya aksheni na Batch, ile ya kuiachia folda zima, nakuomba uangalie pale Destination, chagua Folder. Mi mwenyewe niliwahi kupiga mahafali Bagamoyo, nikaacha Save and Close, picha zikapunguzwa juu ya zilezile za mwanzo, na memori kadi nilishafuta. Mteja akaja anataka ya ukutani. Hata inchi 4 kwa 6 ya kawaida ukiisafisha kwa pikseli 300 kila inchi inataka 1200 kwa 1800, sembuse ya ukutani, nilimrudishia hela.

Laptopu ikiwa nzito kwa Photoshop kuna IrfanView, unabonyeza herufi B tu linakuja dirisha la kazi za mkupuo, ndani ya Advanced kuna sehemu ya kuweka upande mrefu moja kwa moja. Bure ni kwa matumizi binafsi, wewe unafanya biashara kwahiyo lipia leseni. Na za simu zikitoka zimelala wakati zilisimama usishangae, simu mara nyingi inaihifadhi picha imelala halafu inaweka alama ya kusema igeuzwe, na programu nyingine haisomi ile alama, tafuta kwenye mipangilio pa kugeuza kwa kufuata EXIF, yaani maelezo yaliyofichwa ndani ya picha, humo ndo ile alama inakaa.

Kitu kingine hukuniuliza ila nakwambia, zile tovuti za kupunguza picha bure usizipandishie picha za singo. Wale kina mama wako vichwa wazi, wamejiachia na liwa lao, walikuamini wewe dada yao ndo maana ukaingia na kamera. Kazi hiyo iishie kwenye laptopu yako.

Kabla hujaachia zote 640 toa kopi kumi za mchanganyiko, jaribu kwanza. Na zile mbili za sinia mtumie mama mtu nzuri leoleo, kabla hajazirusha kwenye grupu la ukoo.