Maswali ya Wasomaji: Takwimu za Zawadi za Mashabiki

Barua za mwezi huu zinauliza jambo moja kwa sura tofauti: namna ya kusoma namba za mchezo wa kubadilishana hadithi na michoro ya mashabiki. Kwa asiyeujua, ni upatu wa kazi za sanaa. Kila anayejiandikisha anataja fandomu anazotaka kuandikiwa au kuchorewa, yaani riwaya, filamu, tamthilia au michezo ya kompyuta anayoishabikia. Anataja pia zile ambazo yuko tayari kumfanyia mwingine. Waandaaji wanapanga nani amtengenezee nani. Kila mtu anatoa zawadi moja, anapokea moja.

Mchezo unaofahamika sana ni Yuletide, wa fandomu adimu. Ulianza mwaka 2003, na tangu 2009 unaendeshwa ndani ya Archive of Our Own, kwa kifupi AO3, maktaba ya mtandaoni ya shirika lisilo la faida la Organization for Transformative Works. Hadithi isipungue maneno 1,000. Kazi zinafunuliwa tarehe 25 Desemba bila majina ya waandishi, na majina yanafuata tarehe 1 Januari.

Hapa chini, ombi ni kile mtu anachotaka na ahadi ni kile alichokubali kutoa. Namba za mifano ni za kufanyia hesabu tu, si za mchezo wowote halisi.

Tumejiandikisha watu 40. Kila mmoja ameomba fandomu 3 na kuahidi 5. Maombi 120, ahadi 200. Mbona watu watatu wamekosa wa kuwaandikia? (Msomaji, Morogoro)

Kwa sababu ahadi 200 haziko kwenye ghala moja. Zinaweza kujaa kwenye fandomu kumi zinazopendwa na wengi, huku nyingine ishirini zikiwa na ahadi moja moja au hazina kabisa. Jumla haikuambii lolote kuhusu mtu aliyeomba vitu vitatu ambavyo hakuna aliyeviahidi.

Fanya hivi. Mwandaaji anaweza kupakua maombi na ahadi zote kutoka AO3 zikiwa faili la CSV. Lifungue kwenye Excel, kisha lipange upya: mstari mmoja kwa kila ombi, wenye namba ya mtu, fandomu na wahusika, ukurasa wa pili uwe wa ahadi kwa mpango uleule. Halafu watafute waombaji ambao maombi yao yote yameangukia fandomu zilezile chache. Tuseme wako wanne, na wote wameomba fandomu A, B na C tu. Sasa hesabu *watu* walioahidi A au B au C, usihesabu ahadi. Hapa ndipo wengi wanapoteleza: A ina ahadi 3, B ina 3, C ina 2, wanajumlisha 8 na kuridhika. Ukiondoa marudio unakuta ni watu watatu walewale, na watu watatu hawawezi kuwaandikia wanne. Mmoja atabaki hata kama mchezo mzima una ahadi elfu.

Mtego wa pili uko karibu sana na huo. Mtu anayeomba fandomu adimu mara nyingi ndiye huyohuyo anayeiahidi, maana ndiye anayeijua. Kwenye jedwali utaona ombi 1 na ahadi 1, mizani imekaa sawa. Lakini mtu hawezi kujiandikia mwenyewe. Kwa hiyo, kwa kila ombi hesabu ahadi za watu *wengine*.

Mtego wa tatu ni wahusika. Kama kanuni zenu zinataka mwandishi awe ameahidi wahusika wote walioombwa, basi fandomu yenye ahadi tano inaweza kuwa na sifuri kwa yule mhusika mmoja anayetakiwa. Kwa upande mwingine, aliyeahidi "mhusika yeyote" haonekani ukihesabu jina kwa jina, ilhali anamfaa kila mwombaji wa fandomu hiyo. Mwongeze kwa kila mhusika kabla ya kupiga hesabu.

Orodha ya fandomu zenye kiu usiipange kwa uwiano wa maombi kwa ahadi. Penye ahadi sifuri uwiano haugawanyiki, na Excel itakurudishia kosa. Ipange kwa tofauti: maombi 12 kutoa ahadi 3 ni 9, ombi 1 kutoa ahadi 0 ni 1. Tangaza zile za juu siku mbili kabla ya kufunga uandikishaji, kisha waandikie wale wanne waongeze ombi moja kila mmoja. Kufanya hivyo ni rahisi kuliko kufumua mpangilio mzima baada ya kompyuta kuupanga.

Wastani wa hadithi zetu umetoka maneno 3,883. Washiriki wapya wamelalamika kwamba tunawatisha. Kweli watu wanaandika hivyo? (Msomaji, Nairobi)

Hapana, karibu hakuna anayeandika hivyo. Chukua hadithi tisa zenye maneno 1,012, 1,048, 1,130, 1,205, 1,390, 1,760, 2,300, 4,100 na 21,000. Jumla ni 34,945, na ukigawanya kwa 9 unapata hiyohiyo 3,883. Hadithi saba kati ya tisa ziko chini yake. Ile ya maneno 21,000 peke yake imewavuta wote juu, kama tajiri mmoja anayepandisha wastani wa kipato cha mtaa. Tangazeni namba inayokaa katikati baada ya kuzipanga kuanzia ndogo hadi kubwa: hapa ni ya tano, 1,390. Kwenye Excel ni =MEDIAN(B2:B10), wakati wastani ni =AVERAGE(B2:B10). Mshiriki mpya akisikia "nusu ya hadithi hazikuvuka maneno 1,390", atajiandikisha.

Kuwa macho na michoro. AO3 inahesabu maneno ya maandishi peke yake, hivyo kazi yenye picha tu inaandikwa maneno 0. Ongeza michoro mitatu kwenye mfano huu: wastani unashuka hadi 2,912 na ya katikati inakuwa 1,167.5, bila hadithi hata moja kubadilika. Kama mwaka huu michoro imeongezeka, grafu yako itaonyesha kwamba waandishi wamekuwa wavivu, na itakuwa imewasingizia. Tenga michoro kwanza, halafu ndipo uhesabu.

Ukigawa urefu kwa mafungu ya maneno 250, tarajia lundo kwenye fungu la 1,000 hadi 1,249, kwa sababu watu wanalenga kiwango cha chini. Anayekilenga kwa karibu sana ajue kwamba Word na AO3 hazihesabu maneno sawasawa. Hadithi ya 1,003 kwenye Word inaweza kuonekana pungufu ikishapandishwa. Zidisha maneno 50.

Mwaka wa kwanza walijitoa 2 kati ya 24, mwaka wa pili 4 kati ya 30. Wenzangu wanasema nidhamu inashuka. (Msomaji, Mombasa)

Waambie wasubiri. Asilimia 8 na asilimia 13 zinaonekana mbali, lakini kwenye kundi la watu 24, mtu mmoja tu aliyeugua ni asilimia 4. Kwa idadi ndogo hivi, kiwango halisi cha kujitoa kinaweza kuwa popote kati ya asilimia 2 na 26 kwa mwaka wa kwanza, na kati ya 5 na 30 kwa wa pili. Sehemu kubwa ya masafa hayo inaingiliana. Huo si mwelekeo bado.

Kabla ya kulaumiana, angalieni mmegawanya kwa nini. Aliyekaa kwenye kamati ya harusi anajua kwamba ahadi ni kitu kimoja na mchango ni kingine. Ndivyo ilivyo hapa. Kigawanyo kiwe idadi ya kazi zilizogawiwa, si ya waliojiandikisha. Wakiwa wamejiandikisha 64, wanne wakaondoka kabla ya mgawo, kazi zilizogawiwa ni 60. Wakijitoa 6 ni asilimia 10. Wale wanne hawakumwacha mtu mikono mitupu, msiwahesabu. Kazi sita zinazopewa waandishi wa akiba, yaani wanaoandika badala ya waliojitoa, ziwe na safu yake: mwandishi wa akiba naye akishindwa, ni tukio lingine.

Weka safu tatu kwa waliojitoa: aliyetoa taarifa kabla ya tarehe ya mwisho, aliyeongezewa muda kisha akashindwa, na aliyenyamaza kimya. Aliyetoa taarifa siku kumi kabla anampa mwandishi wa akiba nafasi ya kutosha. Aliyenyamaza mpaka siku ya mwisho ndiye anayewakesha waandaaji, na idadi yake ndiyo ya kuangaliwa mwaka hadi mwaka. Asilimia ya jumla inawaficha wote kwenye kapu moja.

Waandishi wa akiba wawe wangapi? Kwa kazi 60 na kiwango cha asilimia 10, tarajia nafasi 6. Mtawanyiko ni kipeuo cha pili cha 60 × 0.1 × 0.9, yaani kama 2.3. Ongeza mara mbili yake juu ya 6 unapata 10.6, kwa hiyo uwe na majina 11. Na majina hayo yaoneshe fandomu ambazo kila mmoja anaziweza: waandishi wa akiba kumi na moja wanaojua fandomu ileile ni kama kuwa na makipa kumi na mmoja kwenye benchi.

Michoro inapata kudos (alama za pongezi ambazo msomaji anabonyeza kwenye AO3) chache kuliko hadithi. Je, wasomaji hawathamini wachoraji? (Msomaji, Zanzibar)

Kwanza linganisha ndani ya fandomu ileile, kwa sababu fandomu kubwa ina watu wengi wa kubonyeza kuliko ndogo. Pili, angalia kwamba picha bado ipo: AO3 haihifadhi picha yenyewe, inaionyesha kutoka pale mchoraji alipoiweka. Akiifuta kule au kiungo kikifa, ukurasa unabaki mtupu, na mtu hawezi kuthamini asichokiona.

Ukitaka kujua kama michoro inahitajika, rudi kwenye fomu. Weka machaguo matatu: hadithi tu, mchoro tu, au chochote kati ya hivyo. Fomu yenye machaguo mawili inamlazimisha asiyejali kuchagua moja, naye huangukia hadithi. Na andika kiwango cha chini cha mchoro kama mlivyoandika cha maneno, kwa mfano mchoro safi wa penseli kwenye karatasi isiyo na mistari. Pasipo na kiwango, wachoraji wanaogopa kuahidi.

Nataka kulinganisha idadi ya kazi za Yuletide kwa miaka yote. Nianzie wapi? (Msomaji, Muscat)

Ingia kwanza kwa akaunti yako. Baadhi ya waandishi wamefunga kazi zao zionwe na waliosajiliwa tu, na ukihesabu bila kuingia utapata pungufu. Kila mwaka una mkusanyiko wake, na idadi imeandikwa juu ya orodha. Huna haja ya kuhesabu kurasa, ingawa kila ukurasa una kazi 20 kama unataka kuhakiki.

Hadithi za 2003 hadi 2008 ziliandikwa kabla mchezo haujahamia AO3, zikahamishiwa huko baadaye. Kwa hiyo usilinganishe kudos zake na za sasa; wasomaji wake wa kwanza walisoma mahali ambapo kitufe hicho hakikuwepo. Pia unachokihesabu leo ni kilichobaki. Waandishi hufuta kazi, na kadiri mwaka unavyokuwa wa zamani ndivyo ulivyopata muda mrefu wa kufutwa. Mstari unaopanda polepole unaweza kuwa na sehemu ya sababu hiyo. Kuanzia sasa, andika idadi ya kila mwaka siku ileile, mathalani tarehe 2 Januari, uitunze.

Tenga pia nyongeza. Kama muuzaji anavyokuongezea nyanya mbili juu ya fungu, washiriki huwaandikia wenzao zawadi ambazo hawakupangiwa. Idadi ya kazi ikizidi idadi ya waliogawiwa, tofauti hiyo ni nyongeza, na inaweza kupanda hata mwaka ambao washiriki wamepungua. Ndiyo maana "kazi zimeongezeka" na "watu wameongezeka" ni habari mbili.

Ukitumia programu kukusanya taarifa, ipe sekunde kadhaa kati ya ukurasa na ukurasa. Ukiharakisha, AO3 itakuzuia kwa muda.

Tunaweza kutoa takwimu kabla ya majina kufunuliwa? (Msomaji, Arusha)

Jumla kuu, ndiyo. Za fandomu moja moja, hapana. Ukitangaza kwamba fandomu fulani ilikuwa na ahadi moja, na siku ya kufunua ikatokea hadithi moja ya fandomu hiyo, yeyote aliyewahi kusikia nani anaishabikia amekwishamjua mwandishi. Subiri majina yatoke. Hata hapo, fandomu zenye ahadi chini ya 3 ziunganishe kwenye mstari mmoja wa "nyinginezo", na safu ya walionyamaza iwe ya idadi tu, isiwe na hata jina moja.