Italia iliunganishwa na nani? Jibu refu la mtu aliyeishi Torino

Mkuu mleta mada, umeuliza mambo mawili: kati ya Mazzini, Cavour na Garibaldi nani hasa aliiunganisha Italia, na kwa nini watu wa kusini mpaka leo wanaona walionewa. Wachangiaji hapo juu wamekupa jibu la notsi: Mazzini roho, Cavour akili, Garibaldi upanga. Sisi tuliosoma HGL (Historia, Jiografia na Lugha) tulikariri hivyo hivyo tukafaulu. Baadaye riziki ikanipeleka Torino, nikakaa miaka kadhaa, na siku hizi jibu langu ni kwamba Italia haikuungana kama tulivyofundishwa. Ufalme mmoja wa kaskazini, Piemonte, uliwameza wenzake.

Ukifika Torino nenda Palazzo Carignano, sasa ni makumbusho. Utaonyeshwa ukumbi mdogo wa bunge la Piemonte, viti vya mahameli vimepangwa nusu duara, na kiti cha Cavour kimewekewa alama ya utepe wa rangi tatu. Ukumbi mkubwa uliojengwa kwa ajili ya bunge la Italia nzima upo jengo hilo hilo, lakini ulikamilika 1871, wakati mji mkuu ulishahamia Firenze na kutoka huko ukaelekea Roma. Wabunge hawakuwahi kuutumia.

Kilichonifungua macho kule ndani ni namba. Tarehe 17 Machi 1861 Vittorio Emanuele, mfalme wa Piemonte, alitangazwa mfalme wa Italia, na bado akaendelea kuitwa wa Pili. Italia ilikuwa na Vittorio Emanuele wa Kwanza lini? Huyo wa Kwanza alikuwa mtu wa ukoo wake aliyemtangulia, mfalme wa Piemonte na Sardinia. Bunge la kwanza la Italia nalo likahesabiwa kuwa la nane, kwa sababu saba za mwanzo zilikuwa za Piemonte. Katiba ilikuwa ile ile ambayo mfalme Carlo Alberto aliwapa raia wake wa Piemonte 1848. Nchi mpya haikuandikiwa katiba. Ilivalishwa ya mtu mwingine.

Mazzini simdharau. Alianzisha Italia Changa mwaka 1831 akiwa uhamishoni Marseille, na bila yeye vijana wengi wasingekubali kufia nchi ambayo haikuwepo kwenye ramani. Ila alitaka jamhuri. Mahakama za Piemonte zilimhukumu kifo, na Garibaldi vilevile mwaka 1834. Garibaldi baadaye alipatana na mfalme, Mazzini hakupatana kabisa: alifia Pisa 1872, ndani ya Italia iliyokwisha kuungana, akijificha kwa jina la Brown. Huyo ndiye tunayemwita baba wa taifa lao.

Cavour, waziri mkuu wa Piemonte, alikuwa mtu wa hesabu. Alizungumza Kifaransa vizuri kuliko Kiitalia, na kusini hakuwahi kukanyaga. Alipeleka wanajeshi Crimea 1855, kwenye vita visivyomhusu, ili apate kiti mezani na wakubwa. Julai 1858 akakutana kwa siri na Napoleon III pale Plombières: Ufaransa imsaidie kuwatoa Waaustria kaskazini, yeye amlipe kwa Savoia na Nice. Mwaka uliofuata vikapiganwa vita vya Magenta na Solferino, Lombardia ikapatikana, na 1860 deni likalipwa. Nice ni mji aliozaliwa Garibaldi. Yaani Cavour aliuza nyumbani kwa mtu, na mwezi uliofuata mtu huyo huyo akaenda kumtekea nusu ya nchi. Garibaldi hakumsamehe mpaka mwisho.

Wapiganaji wa kujitolea wa Garibaldi, wanaoitwa Elfu Moja, waliondoka Quarto, karibu na Genova, usiku wa kuamkia tarehe 6 Mei 1860, kwa meli mbili za kampuni ya Rubattino, Piemonte na Lombardo, zilizochukuliwa kwa wizi wa maigizo. Siku chache baadaye wakashuka Marsala, kabla mwezi haujaisha wakaingia Palermo, na tarehe 7 Septemba Garibaldi akaingia Napoli kwa treni. Watu elfu na ushei hawawezi kuangusha ufalme wenye jeshi kubwa kama ule wa Bourbon, uliotawala Sicilia na Napoli, kama wananchi hawako upande wao. Wakulima wa Sicilia walimuunga mkono, na Garibaldi, kwa amri ya tarehe 2 Juni, aliahidi ardhi kwa watakaopigana.

Sasa angalia Bronte, mji ulio chini ya mlima Etna. Mashamba makubwa pale yalikuwa ya warithi wa Nelson, yule amirali wa Uingereza. Agosti wakulima walichoka kusubiri, wakaua watu na kuchoma nyumba. Garibaldi akamtuma kamanda wake Nino Bixio, kesi ikaendeshwa harakaharaka, na watu watano wakapigwa risasi, akiwemo wakili Lombardo ambaye alikuwa upande wa mapinduzi hayo hayo. Ardhi haikugawiwa. Ukitaka kuelewa malalamiko ya kusini, anzia hapo.

Oktoba ikaja kura ya maoni, kama watu wanakubali kuungana chini ya Vittorio Emanuele. Napoli na bara lake: ndiyo 1,302,064, hapana 10,312. Sicilia: hapana 667 tu. Unachukua karatasi ya ndiyo au ya hapana kwenye chombo chake na kuitumbukiza cha katikati, watu wote wanakuona. Sisemi wangeshindwa kama kura ingekuwa ya siri, huenda wangeshinda tu. Ila matokeo ya namna hiyo sisi tunayajua.

Baada ya hapo vikaja kodi na kuandikishwa jeshini kwa lazima, jambo ambalo Wasicilia hawakuwa nalo zamani. Bara la kusini likawaka moto. Serikali iliwaita waasi majambazi, ikapeleka wanajeshi zaidi ya laki moja, na Agosti 1863 ikapitisha sheria ya Pica: mahakama za kijeshi, kupigwa risasi, kuhamishwa kwa nguvu.

Kule Torino nilikuwa namhudumia mzee mmoja mwenyeji wa Calabria, alihamia kaskazini miaka ya sitini kufanya kazi kiwandani. Aliniambia alikuta matangazo milangoni, "hatupangishi watu wa kusini". Karne nzima baada ya kuungana! Garibaldi alimpenda, picha yake ilikuwa sebuleni. Ukimtajia Cavour, anaomba umbadilishie stesheni ya redio.

Lakini msidanganyike na wale wanaosema kusini kulikuwa peponi kabla ya 1861. Ni kweli reli ya kwanza Italia ilikuwa Napoli hadi Portici, 1839. Ila ilipofika 1859 Piemonte ilikuwa na kilomita zaidi ya 800, kusini kote kama 100. Sensa ya 1861 ilikuta asilimia 78 ya Waitalia hawajui kusoma, na kusini hali ilikuwa mbaya zaidi. Wafalme wa Bourbon hawakuangushwa bure.

Venezia ilipatikana 1866 baada ya Italia kupigwa na Austria kule Custoza na Lissa, kwa sababu tu Prussia iliishinda Austria. Roma iliingiwa tarehe 20 Septemba 1870, askari wa Ufaransa waliomlinda Papa walipoitwa kwao kwenye vita. Hapo nenda mbio, mtihani hautaki zaidi.

Kwa aliyeuliza kama haya yanatuhusu: Rubattino ile ile iliyombeba Garibaldi ndiyo iliyonunua ghuba ya Assab mwaka 1869, na serikali ikaichukua 1882, mwanzo wa Eritrea ya Waitalia. Francesco Crispi, aliyeshuka Marsala na wale Elfu Moja, ndiye waziri mkuu aliyeangushwa na kushindwa kwa Italia na Ethiopia pale Adwa, Machi 1896. Na 1892 Sultani wa Zanzibar aliwakodisha Waitalia bandari za Benadir, pwani ya Somalia, Barawa ikiwemo, wakazinunua kabisa 1905. Mwenye wazee wa Barawa waliosimulia enzi hizo aongezee hapa chini, maana hilo wao wanalijua kuliko mimi.