Fyuzi inakatika nikichaji pawa stesheni kwenye Noah, niweke ya 30?

SWALI: Assalaam alaikum fundi. Mimi ni mpambaji wa harusi hapa Ngamiani, Tanga. Nina pawa stesheni, ile betri kubwa ya kubeba, ya wati-saa 1000, nawashia taa za jukwaa na spika ndogo tukienda Mkinga au Pangani maana umeme ukikatika katikati ya shughuli ni aibu. Nimeanza kuichaji njiani kwenye tundu la laita la Noah, nimechomeka kile kichwa cha matundu matatu, kuna hiyo, kuna kifriji cha maua na simu. Nikienda kama robo saa fyuzi inakatika. Kijana wa gereji kaniambia nitoe ya ampia 15 niweke ya 30, nitasahau. Mwingine kasema ninunue inveta, ile ya kugeuza umeme wa gari uwe kama wa nyumbani. Nifuate lipi?

JIBU: Waalaikum salaam dada'angu. Usiweke ya 30. Na kama huyo kijana ameshaiweka, ukimaliza kusoma hapa nenda kaitoe.

Swali hili naletewa kila wiki, leo mwenye bajaji kesho mwenye Probox, na kila mmoja ameshaambiwa na mtu kwamba fyuzi ikikatika basi ni ndogo, weka kubwa. Hapo ndipo ninapochoka kabisa. Fyuzi haikuwekwa pale kwa ajili ya pawa stesheni yako, wala kifriji, wala redio. Fyuzi inalinda waya. Ule waya unaotoka kwenye boksi la fyuzi ukapita chini ya dashibodi mpaka kwenye laita, waliotengeneza gari waliuchagulia unene wake kwa hesabu zao na ndiyo maana wakaweka ile ya buluu ya 15. Ukichomeka ya kijani ya 30 waya haujanenepa, ni uleule. Na joto la waya haliendi sambamba na umeme, umeme ukiwa mara mbili joto linakuwa mara nne. Kwa hiyo fyuzi itakaa kimya, wewe utafurahi kwamba imepona, na huku chini ganda la waya linaanza kulainika ambako hulioni.

Kuna gari niliwahi kuletewa, mwenyewe analalamika redio inajizima na kuna harufu. Nikafungua chini ya dashibodi, nyaya saba zimeshikana kama peremende zilizoachwa juani, ukivuta moja zinakuja zote, na kwenye kapeti kuna tundu la kahawia limeungua, ukubwa wa sarafu ya shilingi mia. Nikaenda kwenye boksi la fyuzi nikachomoa ya laita: imekufa siku nyingi, mtu kachukua uzi mmoja wa shaba kauzungushia kwenye miguu yake miwili akairudisha. Yule mama alikuwa anapandisha watoto shule kwenye gari hiyo kila asubuhi. Aliyeufunga ule uzi alilipwa na akaitwa fundi.

Sasa yako. Pawa stesheni kwa njia ya laita inavuta kama ampia 8 mpaka 10. Kifriji 4 au 5, na kompresa ikiamka inavuta zaidi kwa muda mfupi. Chaja ya simu ile ya haraka 2 au 3. Jumlisha mwenyewe, vyote vikivuta sana umeshafika 17 au 18 kwenye njia ya 15, na humo ndani ya dashibodi mchana wa Tanga unajua joto lake, fyuzi ikikaa kwenye joto inakatika mapema zaidi. Haina ubovu wowote, imefanya kazi yake vizuri. Na usidhani ukihamia tundu la nyuma umekwepa, gari nyingine matundu yote mawili yanakula fyuzi moja.

Lakini kuna jambo hukuliuliza. Hata fyuzi isikatike hupati kitu cha maana. Ampia 10 kwa volti 12 ni wati 120. Ukitoka hapa mpaka Pangani, tuseme saa moja na kidogo, umeingiza kama sehemu moja ya kumi ya betri yako. Kuijaza yote unahitaji kuendesha saa tisa mpaka kumi. Inveta nayo haikusaidii, unapandisha umeme wa 12 kwenda 230 halafu chaja inaushusha tena kuingia kwenye betri, kila hatua unapotea mwingine, na inveta ya wati 300 ukiichomeka kwenye laita itataka zaidi ya ampia 25. Tumerudi palepale kwenye fyuzi.

Kama safari ni nyingi kweli, kinachofaa ni chaja ya alteneta (alteneta ndiyo inayozalisha umeme wa gari injini ikiwaka), ile inayofungwa kwa waya wake kutoka kwenye betri ya gari na inakaa kimya mpaka injini iwake. Watakuuzia ya wati 500 au 800. Kwa Noah mimi ningeibana kwenye 300. Gari za saizi hiyo ninazokutana nazo alteneta ni ampia 70 mpaka 100, na ukiwa umewasha taa, ac, feni na pampu ya mafuta karibu nusu imeshaliwa, tena gari ikisimama inaunguruma tu inatoa pungufu sana. Kwa wati 300 safari ya Pangani inakupa theluthi ya betri. Waya milimita 10 za mraba, fyuzi ya 40.

Na fyuzi hiyo ikae shibiri moja kutoka kwenye terminali ya betri, huko mbele. Nasisitiza hapa kwa sababu ndipo wanapoharibu, wanaita dairekti, wanatoa waya betrini mpaka buti bila chochote, halafu fyuzi wanaiweka nyuma kwenye mashine. Waya ukisuguliwa na bati pale unapopenya kuingia ndani, betri inamwaga mamia ya ampia kwenye bodi na ile fyuzi ya nyuma haijui hata kama kuna kitu kimetokea. Nimeona hivyo hivyo kwenye boti pale Deep Sea, waya wa taa za kuvulia umefungwa uchi kwenye betri, chini yake dumu la petroli. Bodaboda wanaoongeza taa za mbele, hivyo hivyo.

Kwa shughuli ya Jumamosi hii chaji nyumbani usiku mpaka ijae, njiani ichomeke yenyewe tu bila kile kichwa cha matundu matatu, injini ikiwa inawaka, ukizima chomoa. Isikae buti juani, betri za lithiamu zikipita nyuzi 45 hivi hazitakiwi kuchajiwa. Ukifika dakika 20 simama pembeni ushike plagi. Uvuguvugu ni kawaida. Ikiwa huwezi kuishikilia, tundu la laita limelegea, hapo kinachobadilishwa ni tundu.