Sukari imesoma 7.2, kwani hii 7 kaipanga nani?

SWALI: Dokta shikamoo. Nina miaka 44, niko Mwanza. Juzi asubuhi sijala kitu nikapima sukari, mashine ya kidole ikasoma 7.2, nikaambiwa tayari nina kisukari maana mwisho ni 7. Mbona mjomba wangu mwaka 1995 alikuwa na 7.4 akaambiwa yuko fiti? Kuna mtu amewahi kuhakikisha hiyo 7? Baba Neema.

JIBU: Marahaba Baba Neema. Mjomba hakudanganywa, enzi hizo mpaka ulikuwa 7.8, wataalamu wa Marekani wakaushusha mwaka 1997, WHO nao wakafuata 1999. Namba hawakuiokota, waliangalia macho. Kisukari kinaharibu vimishipa vya nyuma ya jicho, sasa wakachukua watu wa Misri, Wamarekani, na watu wa kabila la Pima ambao ni wenyeji wa asili wa Arizona huko huko Marekani na kisukari kimewaandama kweli kweli, wakawapanga kwa sukari toka chini kwenda juu, wakaona huku chini wenye macho yaliyoharibika ni wachache halafu ukifika mahali wanaongezeka ghafla. Hapo ndo wakachora mstari.

Umepimwa tena huo mstari. Mwaka 2008 tafiti tatu, mbili za Australia moja ya Marekani, zilipiga kila jicho picha kadhaa, na ile kupanda ghafla haikuonekana vizuri, wapo waliokuwa chini ya 7 na macho yameshaguswa. Mwaka 2011 zikaunganishwa data za watu zaidi ya 44,000, wakahesabu yale madhara ambayo ni ya kisukari hasa, mpaka ukaonekana kati ya 6.4 na 6.8. Yaani 7 iko jirani, ila sio ukuta, mwenye 6.9 asianze kushangilia.

Ila wewe kuitwa mgonjwa kwa 7.2 moja ya kidole mi sikubali. Mashine hizo hata ikiwa nzima inaruhusiwa kupishana asilimia 15, sukari yako inaweza ikawa 6.3 au hata 8.4. Kama huna kiu ya ajabu wala kukojoa kila saa, nenda maabara wakutoe damu ya mshipa, na ikizidi irudiwe siku nyingine. Wakitaka kukupima HbA1c, ile ya wastani wa miezi mitatu yenye mpaka wa 6.5%, waambie kama kwenu kuna selimundu, Kanda ya Ziwa ipo sana, na hata aliyerithi kwa mzazi mmoja tu kipimo hicho kinaweza kumsomea chini kuliko hali halisi.

Masaa nane kabla usile, maji ruksa. Chai ya maziwa "kidogo tu" nayo ni kula.