Mkojo kwanza, sindano baadaye

Wadogo zangu mnaoanza kazi katika vituo vya afya vya Bukavu, mtoto mwenye homa mtamwona kila siku, na kipimo cha malaria chenye mistari miwili mtakiona mara nyingi. Hapo ndipo nilipoteleza mimi: nilisahau maambukizi ya njia ya mkojo.

Ilikuwa Kadutu, hapahapa Bukavu, mwaka wangu wa kwanza. Mtoto wa kike wa miezi minane, homa 39, hakohoi, haharishi, masikio safi. Malaria ilionekana, nikampa dawa, wakarudi nyumbani. Siku ya tatu mama yake aliupanda tena mlima na mtoto mgongoni, anatapika, hataki ziwa. Mkojo tuliupima siku hiyo, nao ulikuwa umejaa usaha. Malaria haizuii ugonjwa wa pili kuingia.

Mtoto mchanga hawezi kukuambia kwamba anaungua akikojoa. Atakuwa na homa tu, au atapike, au asiongezeke uzito. Kwa hiyo aliye chini ya miaka miwili, homa yake ikikosa chanzo cha wazi, omba mkojo. Wasichana ndio wengi, isipokuwa miezi ya mwanzo, ambapo wavulana huzidi.

Kuupata huo mkojo ndiyo kazi yenyewe. Usikamue nepi. Mfuko wa kukingia mkojo unaobandikwa ngozini una faida moja: mkojo ukitoka safi, amini, ukitoka mchafu, huenda umepima ngozi na mavi. Afadhali uukinge mkojo kwa kikombe. Anyonye kwanza, subiri kama dakika ishirini, mwoshe kwa maji na sabuni. Mama amshike makwapani miguu ikining'inia, wewe umgongegonge taratibu chini ya kitovu, kisha umkande kiunoni, zamu kwa zamu. Wengine hupangusa chini ya kitovu kwa shashi iliyoloweshwa maji baridi; maji ya asubuhi ya Bukavu hayahitaji barafu. Kikombe kiwe wazi tayari, na usiinamie sana. Nimelowa mara nyingi.

Kwenye kijiti cha kupimia mkojo, angalia chembe nyeupe za damu na naitriti, kemikali inayotengenezwa na bakteria. Naitriti ikionekana, shughulikia. Isipoonekana, usistarehe: bakteria huhitaji mkojo ukae kibofuni kama saa nne ili waitengeneze, na mtoto mchanga mara nyingi hakai hata saa mbili bila kukojoa.

Mkojo wa kuoteshwa bakteria maabara usiuache mezani ukingoja pikipiki ya kuuteremsha mjini. Bakteria wachache huzaliana humo na majibu yakadanganya. Uweke kwenye baridi mara moja, lakini si katika friji ya chanjo wala kisanduku chake. Nimeona mtu akifanya hivyo, akidhani anasaidia.

Kabla ya dozi ya kwanza, muulize mama amempa nini nyumbani. Amoksisilini hununuliwa duka la dawa lolote, na siku mbili za dawa zaweza kuficha bakteria maabara. Wengi wa bakteria hao ni E. koli wa tumboni mwa mtoto mwenyewe, na amoksisilini peke yake mara nyingi haiwawezi tena. Uliza kwa upole. Ukigomba, mama atakuficha.

Ila mtoto wa chini ya miezi mitatu, au aliyelegea, asingojeshwe kwa ajili ya kikombe. Jaribu upesi, ukishindwa mchome dawa na umpeleke hospitali.

Kwa watoto wakubwa, uliza pia kuhusu choo. Mavi magumu hubana kibofu, mkojo haumaliziki. Msichana mmoja wa miaka saba alirudi kwetu mara tatu, na kila mara tuliandika dawa ileile. Mara ya nne nilimuuliza anakojoa saa ngapi shuleni. Akamtazama mama yake, kisha akasema hakojoi mpaka arudi nyumbani, kwa sababu choo cha wasichana hakina mlango.