Uliza Shangazi: Mzee anasema tunamuuza

SWALI: Shikamoo Shangazi. Sisi ni kikundi cha vijana huku Kisauni, Mombasa, tumepiga picha na kurekodi wazee wa Kipemba, wavuvi, wale waliokaa miaka na miaka bila kitambulisho. Tunataka kufanya maonyesho Old Town na picha tushaziprinti kubwa kubwa. Sasa mzee mmoja kaja juu, ati tunamuuza kwa wazungu. Tumtoe ama tumbembeleze?
Vijana wa Kisauni

JIBU: Marahaba wanangu. Msimtoe, na kumbembeleza msimbembeleze, kaeni naye chini mumsikize, manake ana haki ya kukasirika. Mtu kazaliwa hapa, babake kazaliwa hapa, lakini kwa kuwa hana kitambulisho laini ya simu mpaka isajiliwe kwa jina la jirani, leseni ya uvuvi hapati, akisikia askari ni kujificha, mpaka 2023 ndio serikali ikawatambua rasmi Wapemba kuwa kabila la Kenya (Wamakonde wa Kwale waliwatangulia, na wao 2016 ilibidi waandamane kwa miguu kwenda Nairobi). Umri wote huo ni watu wengine wanaoamua yeye ni nani. Alafu mnakuja nyinyi mwamtundika ukutani, na chini mmeandika nini? Nahisi mmeandika "Mvuvi, Kisauni". Basi hapo mmerudia yale yale.

Hebu mtafuteni msanii anaitwa Lubaina Himid. Mzaliwa wa Unguja, 1954, akakulia Uingereza, na 2017 akashinda Turner Prize, tuzo kubwa ya sanaa huko Uingereza. Kazi yake moja ya 2004, Naming the Money, alichora watu 100 wa kimo cha mtu kamili, amewakata kwa mbao, wote ni watumwa na watumishi weusi wa kwenye majumba ya matajiri Ulaya, kuna mpiga ngoma, kuna fundi viatu, kuna mfunza mbwa. Wamesimamishwa tu ukumbini, wewe wapita katikati yao. Ukizunguka nyuma ndio wakuta karatasi mgongoni: jina lake la kwao, jina alilobandikwa na bwana wake, kazi aliyoijua zamani na kazi anayofanyishwa sasa. Mimi hapo ndipo napoona ustadi wake, kwa mbele ni nguo za rangi zapendeza, ukweli uko mgongoni na lazima uufuate mwenyewe.

Na msiseme hayo ni ya Ulaya, nyinyi mwapita Kengeleni kila siku! Ile kengele ni ya Frere Town, pale wamishenari walipowaweka watumwa walioachiliwa huru miaka ya 1870, na wengi wao wakabatizwa majina mengine.

Kwa hivyo rudini kwa wazee na hizo picha mkononi. Kila mmoja aseme aandikwe jina gani na maneno gani, na akiongea Kipemba yaandikeni vile vile, msimsafishie Kiswahili chake. Muulize picha yake iende wapi na isiende wapi (mitandaoni je?), na picha ikinunuliwa pesa ni za nani, hilo mliseme mapema kabla mnunuzi hajatokea, manake hapa ndipo vikundi vingi huvunjika. Anayekataa, itoeni bila kununa, sheria ya kulinda data ya 2019 iko upande wake. Alafu maonyesho ya kwanza yafanyeni huko huko bandarini kwao, jioni vyombo vikishatia nanga, wajukuu wapo. Old Town baadaye. Swahilipot, kile kituo cha vijana, wako hapo karibu na Fort Jesus, kawaulizeni, lakini mkitaka ndani ya Fort Jesus penyewe pako chini ya Makumbusho ya Taifa, andikeni barua mapema.

SWALI: Mbona siku hizi maonyesho ni shida tupu, polisi, ardhi, watumwa? Zile picha za jahazi ziliwakosea nini?
Msomaji, Likoni

JIBU: Hazijakosea kitu kaka, na mimi ninayo moja sebuleni. Ila nyingi zachorewa mgeni wa hotelini, ndio maana hutamuona baharia aliyechoka wala anayedai mshahara wake. Nenda tu, kiingilio mara nyingi ni bure, na usipoelewa muulize msanii mwenyewe, huwa kasimama hapo pembeni anangoja mtu amsemeshe.