PhD ya saikolojia Marekani: jibu kwa wadogo zangu wa Unguja na Pemba

Vijana wa nyumbani wanaosikia kwamba nasoma uzamivu wa saikolojia ya utambuzi, yaani namna akili inavyokumbuka na kufikiri, huku Marekani huniuliza mambo mawili: wazee wangu walilipa kiasi gani, na je, mwenye shahada ya kwanza tu ya SUZA, chuo kikuu cha taifa cha Zanzibar, anaweza kuomba?

Wazee hawakulipa. Programu nyingi za PhD za fani hii, na za sayansi ya neva, yaani ya ubongo na mishipa ya fahamu, hukusamehe ada na kukupa posho, nawe unafundisha au unafanya kazi ya maabara. Posho yenyewe ni ya kodi ya nyumba na chakula. Si ya kujengea nyumba Tunguu, na viza ya mwanafunzi haikuachii kufanya vibarua utakavyo. Waelezeni wazazi mapema, kwani ni miaka 5 au 6 na nyumbani kuna mikono inayongoja. Ama la pili, ndiyo. Wengi huingia moja kwa moja na shahada ya kwanza. Ulaya ndiko mara nyingi hutakiwa uzamili.

Msiloniuliza ndilo zito. Katika saikolojia ya utambuzi, aghlabu huombi chuo, unamwomba mtu. Profesa asipochukua mwanafunzi mwaka huo, alama zako nzuri hazitakufaa kitu kwake. Soma makala zake za karibuni, kisha mwandikie barua fupi yenye swali lako. Sayansi ya neva ni tofauti kidogo: programu nyingi humpitisha mwanafunzi maabara kadhaa mwaka wa kwanza, ndipo achague.

Nimesema swali lako. Maombi mengi niliyopewa niyasome na vijana wetu yanaanza na "napenda kujua ubongo unavyofanya kazi". Nani asiyependa? Nyinyi mmekulia madrasa. Mmemwona mtoto wa Wete akisoma juzuu nzima kwa moyo, kwa lugha asiyoizungumza. Wanasaikolojia Sylvia Scribner na Michael Cole walifanya utafiti kwa watu wa kabila la Wavai wa Liberia miaka ya 1970, wakaona waliosoma Kurani waliwashinda wenzao katika kukumbuka orodha inayoongezwa neno moja moja kwa mpangilio, lakini si katika kila aina ya kukumbuka. Kwa nini pale tu? Kijana wa Pemba anayeuliza hivyo, na kueleza angelipima vipi, atasomwa mpaka mwisho. Tafiti nyingi za fani hii zimefanywa kwa wanafunzi wa vyuo vya Magharibi, na maprofesa wanalijua pengo hilo vizuri.

Kisha barua za mapendekezo, kwa kawaida tatu. Hapa roho huniuma, maana nimeona vijana wenye akili khasa wakikwama. Mwalimu wetu, kwa nia njema kabisa, ataandika kwamba una adabu, una bidii na huhudhuria vipindi. Huku barua hiyo husomwa kana kwamba mwalimu hana la kusema. Mpelekee kwa heshima, miezi miwili kabla, karatasi moja yenye utafiti uliofanya, data uliyokusanya na ulivyoichambua. Kama hujawahi kushika data, usiombe mwaka huu. Jifunze takwimu na R au Python, lugha za kompyuta za kuchambulia data, tafuta nafasi kwenye mradi wowote wa utafiti, hata wa afya. Chake Chake kuna maabara ya afya ya jamii ya Ivo de Carneri. Si lazima mradi wenyewe uwe wa saikolojia.

Mtihani wa GRE, uliokuwa ukitakiwa kwa waombaji wa masomo ya juu, vyuo vingi vimeuacha. Ada ya maombi ni makumi ya dola kwa kila chuo, lakini baadhi husamehe ukiomba msamaha kabla ya kutuma. Sheria za viza hubadilika ghafla, ziangalieni kwanza kabla hamjatoa hata senti.

Maombi mengi hufungwa Disemba, usaili huwa kati ya Januari na Machi, na vyuo vingi vimekubaliana kwamba aliyepewa nafasi yenye ufadhili asilazimishwe kujibu kabla ya 15 Aprili. Anayetaka nimsomee maelezo yake ya utafiti anitumie Septemba. Ya Novemba siwezi kuyasoma kwa makini yanayostahili.